Wa Kumi Hageuki

Emerance alikuwa amekwenda Auburn kununua nyama ya mbuzi, basi. Hakuwa na mpango wa kuleta balaa nyumbani. Alikuwa kwenye foleni ya bucha, mkono kwenye mkoba, akili yote kwenye mchuzi wa jioni, mumewe, Arnaud, alipopiga simu.

"Mama Ornella, ukitoka hapo nipitie kwa Wekesa. Kuna mzigo wangu."

"Mzigo gani?"

"Utauona tu."

Emerance akacheka kimoyomoyo. Mwanamume mwenye mvi kidevuni akikujibu hivyo, ujue amenunua gemu.

Ilikuwa mwezi wa saba, majira ya baridi, kipindi ambacho giza la Sydney halingoji mtu amalize shughuli zake. Alipofika kwenye gereji za nyuma ya reli, taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka na mafundi magari walikuwa wanafunga. Wekesa alikuwa Mkenya, fundi wa mashine za zamani za michezo, na kwa kawaida ukimpa nafasi ya kuongea hutoki kwake mpaka usikie habari za Bungoma nzima. Siku hiyo alikuwa amesimama chini ya mlango wa bati ulioshushwa nusu, kimya. Jicho moja limefumba. Mdomo umevimba. Shavuni ana alama nne zilizopangana.

"Yesu wangu! Shemeji, nani kakufanya hivi?"

"Hakuna mtu, shem. Niliteleza kwa ladder."

Emerance alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee, na wazee huanguka kila siku. Ngazi haiachi alama za vifundo vya vidole. Lakini mtu mzima akisema ameanguka, ameanguka, kwa hiyo hakumhoji.

Boksi halikuwa kubwa, ila Wekesa hakulibeba. Alilisukuma kwa mguu mpaka nyuma ya gari, kisha akainama akalipakia harakaharaka, uso ameugeuzia pembeni. Akafunga buti. Akasogea karibu, akanong'ona.

"Mwambie Arnaud... huyo msee wa kumi, asimwache apite nyuma yake."

"Wa kumi nani?"

"Anamjua. Hao wengine ni sawa, acheze tu. Lakini huyo akipita nyuma yako, shem..."

Hakumalizia. Alirudi ndani, na mlango wa bati ukashuka mpaka chini.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Macquarie Fields gari lilinuka. Mwanzo alidhani ni ile nyama. Akafungua dirisha, baridi ikaingia, harufu isitoke. Ilikuwa harufu ya chuma kilichoshikwa na mikono ya watu wengi, harufu ya sarafu kuukuu. Na damu nayo, kwa anayeijua, hunuka hivyohivyo.

Arnaud alikuwa anangoja mlangoni mwa gereji yao, anahama mguu huu na huu kama mtoto siku ya Krismasi. Emerance alipompa boksi, alilipokea kwa mkono wa kulia, kiganja cha kushoto kikiwa kimeshika kiwiko, magoti yamekunjwa kidogo.

"Asante, mama mkwe," akatania.

Kupokea kule kulikuwa na historia yake. Siku ya kwanza alipofika kwao Emerance, kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, mama mtu alimpa kikombe cha maji, naye akakipokea kwa adabu hiyo hiyo. Alipoondoka, mama akasema huyu kijana amelelewa. Tangu hapo kila kitu alichopewa na Emerance alikipokea vile: sahani, simu, ufunguo wa gari, hata nepi za Ornella enzi zile. Nusu utani, nusu mapenzi. Emerance alikuwa akimwambia ana wazimu, lakini moyoni alijua siku akisahau, atalia.

Sasa hapa lazima nieleze kuhusu hiyo gemu, la sivyo utamwona Arnaud mjinga, na mjinga hakuwa.

Kambini alikokulia kulikuwa na kibanda cha video chenye jenereta, cha mabati yaliyomwachia kovu juu ya jicho la kushoto. Jioni jenereta likiwashwa, mwenye kibanda alikuwa anawatolea watoto gemu moja ya ngumi, ya Kijapani, kwenye televisheni ndogo. Haikuwa moja ya zile zenye majina makubwa. Hata mashabiki wa mambo hayo wengi hawajawahi kuisikia. Jina lake lilikuwa la herufi ambazo hakuna aliyejua kuzisoma, kwa hiyo watoto waliibatiza Ngumi za Jioni. Wapiganaji walikuwa tisa, nao wakapewa majina: Jicho Moja, Mama Fimbo, Mnene wa Mvua. Lakini mahali pa kuchagua mpiganaji palikuwa na vidirisha kumi. Cha kumi kilikuwa cheusi. Ukikibonyeza, hakuna kitu.

Mwenye kibanda alikuwa na maelezo. Hiyo, alisema, ni nakala ya nyumbani tu. Mama yake ni mashine kubwa ya kwenye kumbi za michezo za Japani, na kwenye mashine kubwa huyo wa kumi yupo. Walipokuwa wanaihamishia gemu kwenye mashine ndogo za nyumbani, nafasi haikutosha. Wakamwacha.

"Tisa walipata safari," Arnaud alipenda kusema, "mmoja akaambiwa asubiri." Watu waliokaa kambini hawahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Yeye mwenyewe alisubiri miaka mingi kabla ya kupanda ndege.

Basi ndani ya boksi la Wekesa kulikuwa na bodi yenyewe ya asili, sahani ya kijani iliyojaa vidude vyeusi. Gerejini Arnaud alikuwa na kasha la mashine ya ukumbini alilolikuta limetupwa kando ya barabara, refu kumzidi, lenye kioo, vitufe na mipini miwili ya kuchezea. Akaiunganisha bodi. Kioo kikawaka. Vidirisha kumi, cha kumi kikiwa bado cheusi.

"Hafunguki mpaka uwapige tisa wote," alisema, Emerance alipomfikishia onyo la Wekesa. Macho yalikuwa yamemlowa, akijifanya ni vumbi.

Jioni za kwanza zilikuwa za raha. Akitoka kazini, kabla ya chakula, alikuwa anakaa na binti yao Ornella, mtoto wa miaka minane anayesikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Arnaud alimwonyesha kitufe cha upande wa pili: mtu akicheza na mashine, wewe ukabonyeza hicho, unaingia kama mshindani, na yule wa mashine anaondolewa. Wakawa wanapigana baba na mwana, kelele mpaka kwa majirani.

"Dad, he's cheating!" Ornella alipiga ukelele siku moja. "His eye moved!"

Ni kweli. Jicho Moja akiwa upande wa kushoto wa kioo, kitambaa kilimziba jicho la kulia. Aliporuka na kuangukia upande wa pili, kitambaa kilikuwa kwenye jicho la kushoto.

"Hadanganyi, mwanangu. Walimchora mara moja tu ili kubana nafasi. Akivuka upande wa pili, wanamgeuza, kama wewe ukijitazama kwenye kioo. Wote hugeuka."

"Everyone?"

"Wote, isipokuwa wa kumi, ndivyo wanavyosema. Yeye walimchora mara mbili, huku na huku. Ndiyo maana hakuenea kwenye gemu ya nyumbani."

Emerance alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo begani. Aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Baadaye alikuja kuyakumbuka neno kwa neno.

Jioni Arnaud alipomfikia wa kumi, aliingia jikoni mdomo umepasuka.

"Nimejigonga kwenye kasha," alisema, akaenda kuosha uso.

Kesho yake hakuweza kulalia ubavu. Siku iliyofuata Emerance alikuta jino kwenye sinki la bafuni, jino zima, na mizizi yake. Mara ya kwanza alifikiri ni watu wa kazini wanampiga. Halafu akafikiri ni sumu au mkono wa mtu, maana kwao Burundi mtu hachakai hivihivi bila mwenye kumchakaza. Kisha Arnaud akavua shati. Kifuani alikuwa na alama nne zilizopangana.

Emerance akatoka nje na simu, akampigia Wekesa. Simu iliita mpaka akakaribia kukata tamaa.

"Umempa nini mume wangu?"

Ikaja sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shem... mimi nilimshinda mara moja tu, na ilikuwa bahati. Nikazima. Lakini ukizima, bado unamsikia."

"Na ukamletea Arnaud?"

"Alikuwa anaitaka sana. Na mimi..." Wekesa akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa nimechoka kupigwa."

Emerance alimtukana kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na Wekesa alipokea yote.

"Basi naivunja," alisema mwishoni. "Leo hii."

"Ata mimi nilitaka kuivunja. Nikashika nyundo. Nikaogopa. Shem, wewe utajua aje ni nani ako ndani?"

Emerance hakuelewa, na hasira haikumpa nafasi ya kuuliza. Alikata simu. Alipomkabili mumewe, Arnaud alimtazama kwa jicho lililovilia damu, mpole kama siku zote.

"Nimebakiza kidogo, mama Ornella."

"Anakuua!"

"Ameachwa kule peke yake muda wote huu. Nikimshinda mara moja tu, nafunga. Nakuapia."

Akaanza kujifungia. Ufunguo wa gereji aliutia mfukoni, na Emerance, Mungu amsamehe, alikubali kumpa siku moja tu zaidi.

Jioni hiyo Ornella alikuwa sebuleni anatazama katuni. Emerance alikuwa anasonga ugali. Nje giza lilikuwa limeshaingia na mvua nyembamba inapiga dirisha.

Pu.

Mwiko ukasimama.

Pu... Pu.

Haikuwa sauti ya spika. Ilikuwa sauti ya ngumi kwenye nyama. Na baada yake mtu akakohoa, kikohozi chenye majimaji.

Mlango wa kutoka jikoni kwenda gerejini ulikuwa umefungwa. Aligonga, akaita, akaupiga bega. Kisha akachomoa nyundo kwenye droo ya vifaa na kukipiga kitasa mpaka kikaanguka. Hiyo nyundo hakuiweka chini tena.

Arnaud alikuwa kwenye kiti kirefu mbele ya mashine. Mkono mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye vitufe, na vitufe vilikuwa vyekundu. Harufu ya sarafu ilijaa gereji nzima. Kwenye kioo Jicho Moja, mpiganaji wa Arnaud, alikuwa amebanwa pembeni. Mbele yake alisimama mtu mrefu wa nguo nyeupe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa ubavuni kwa kitambaa. Kichwa amekiinamisha kidogo, kama anasikiliza kitu. Alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto peke yake, na hakuwa na haraka.

Akapiga.

Kwenye kioo kichwa cha Jicho Moja kikaruka nyuma. Kwenye kiti kichwa cha Arnaud kikaruka nyuma. Damu ikatoka puani mwake ikatapakaa kwenye kioo.

"Arnaud! Acha! Acha mikono!"

"Siwezi... Nikiacha... ananimaliza."

Shati lake likakunjamana shingoni. Kitu kilikuwa kimelikamata. Arnaud akanyanyuka kutoka kitini, mwili mzima, miguu ikining'inia hewani, viatu vikitafuta sakafu. Akatupwa. Aligonga ukuta kwa mgongo, rafu ya makopo ya rangi ikamwangukia. Na bado alitambaa. Alitambaa kurudi kwenye kile kiti, akaushika mpini.

Emerance akafanya ambalo wewe na mimi tungefanya. Akachomoa waya ukutani.

Kioo kikazimika. Giza. Kimya...

Pu.

Arnaud akalia kama mnyama.

Pu. Pu. Mfupa mmoja ukavunjika, Emerance akausikia ukivunjika.

"Washa!" Arnaud alikuwa anapiga kelele kutoka sakafuni. "Washa, mama! Gizani simwoni!"

Emerance akapiga magoti, akapapasa ukutani, vidole vikiteleza kwenye kitu cha moto ambacho alijua ni damu ya mumewe. Akaipata soketi. Akachomeka. Mashine ikawaka kwa uvivu wake wa kizee, ikajikagua, ikatupa namba, ikatupa herufi za Kijapani mstari baada ya mstari. Na muda wote huo, kwenye mwanga ule wa kumulika na kuzima, alimwona mumewe anapigwa na hewa. Shavu likabonyea. Tumbo likaingia ndani. Mkono usioonekana ulikuwa unamkandamiza kwenye zege.

Kioo kikatulia. Wapiganaji wakarudi mahali pao. Arnaud akajivuta mpaka kwenye kiti, na Emerance akakiona kitufe cha upande wa pili kinametameta.

Mshindani akiingia, yule wa mashine anaondolewa.

Alikumbuka. Angeingia yeye. Yule wa kumi angeondolewa, wangebaki mke na mume, naye asingempiga hata kofi. Wangesimama tu, wanatazamana, mpaka muda wa mchezo uishe. Ulikuwa mpango mzuri. Mpaka leo akiufikiria anaona ulikuwa mpango mzuri.

Akabonyeza.

Mtu wa nguo nyeupe akatoweka. Pigo likakatika hewani. Arnaud akahema kwa nguvu, akamtazama mkewe, akajaribu kutabasamu kwa meno yaliyobaki. Vidirisha kumi vikatokea ili Emerance achague mpiganaji wake. Hakuwahi kuushika ule mpini maishani mwake. Mkono ulikuwa umelowa damu, aliusukuma mpini kidogo, alama yake ikakimbia hadi mwisho wa mstari, na kwa hofu ya kuchelewa akabonyeza kabla hajatazama.

Kidirisha cha kumi hakikuwa cheusi tena.

"Siyo huyo," Arnaud akanong'ona. "Siyo huyo..."

Jicho Moja akasimama kushoto. Mtu wa nguo nyeupe akasimama kulia, upande wa Emerance. Emerance akaachia kila kitu. Akainua mikono juu, yote miwili, nyundo ikiwa bado mkononi, ili mumewe aone hagusi.

Mpini wake ukainama mbele. Wenyewe.

Akaukamata kwa mkono, akauvuta nyuma kwa nguvu zake zote. Ulikuwa na nguvu za mwanamume. Ulimburuta, kifua chake kikagonga kasha, kucha zikang'oka, na mtu wa nguo nyeupe akaendelea kutembea. Jicho Moja akarudi nyuma. Akarudi tena. Arnaud alikuwa analia sasa, bila sauti, anapiga vitufe kama mtu anayepiga mlango. Mtu wa nguo nyeupe akaruka. Akapaa juu ya Jicho Moja, polepole, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa vilevile ubavuni. Akatua.

Nyuma yake.

Jicho Moja akageuka, kitambaa kikahamia jicho la pili. Arnaud naye akageuka. Mwili wake wote ulizunguka mara moja juu ya kiti, kwa kishindo, halafu akaanguka kifudifudi na kunyamaza.

Emerance akamrukia. Akamgusa shingo. Mshipa ulikuwa unapiga. Yu hai! Alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akainua macho.

Katika gemu ile hakuna mpiganaji anayetazama mbele. Wote wamechorwa ubavu. Lakini sasa kwenye kioo mtu wa nguo nyeupe hakuwepo, alibaki mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa amewageukia. Uso wake ulikuwa vidoa vichache vya rangi, usingeweza kusema ni nani. Alikuja mpaka karibu kabisa na kioo. Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja cha kushoto akakiweka chini ya kiwiko. Akakunja magoti kidogo.

Spika ikakwaruza.

"Ma... ma... Or..."

Emerance akatazama kioo, akatazama sakafuni. Mumewe huyu hapa, anahema miguuni pake, ni nani basi anayemwita kwa sauti ya mumewe? Kambini walifundishwa tangu utotoni: pepo likikuita kwa sauti ya mtu wako, usiitike. Na kitu cha kichawi kikionekana, hakihojiwi. Kinaharibiwa pale pale, kabla hakijapata nafasi ya kukuongopea.

"Ma... ma..."

Hakuitika. Alizunguka nyuma ya kasha, akang'oa ubao wa mgongo, akaiona ile bodi ya kijani imelala mle ndani na vumbi lake. Akaipiga. Spika ikapiga ukelele. Akaipiga tena, na tena, vidude vyeusi vikaruka, alipiga kwa ajili ya jino, kwa ajili ya mbavu, kwa ajili ya uso wa mume wake. Ukelele ukawa mdogo. Ukawa mwembamba. Aliendelea kupiga mpaka hakuna tena kitu cha kupiga.

Kimya cha kweli kikaingia. Hata ile harufu ikaondoka.

"Kumekwisha?" sauti ikauliza kutoka sakafuni.

"Kumekwisha," Emerance akasema, akakaa chini akalia. Alilia kwa furaha, nisikufiche. Alimshika mumewe kichwa akakipakata.

Arnaud hakutaka kwenda hospitali. Aliinuka bila kusaidiwa, jambo ambalo lilimshangaza Emerance kidogo, akaenda bafuni. Maji yakasikika muda mrefu. Emerance alifuta damu mikononi, akavaa sweta safi mtoto asiogope, akaumalizia ugali wake. Maisha ndivyo yalivyo, mtu ametoka kupigana na shetani na bado chakula lazima kipakuliwe.

Wakaketi mezani. Arnaud aliingia amechana nywele, uso umevimba lakini umetulia. Akakaa. Ornella alimtazama, akaacha kutafuna.

"Dad?" akasema, akagusa nyusi yake mwenyewe kwa kidole. "It's on the wrong side."

"Kula, Ornella," Emerance akasema. Alipakua, akamnyooshea mumewe sahani.

Arnaud akaipokea.

Kwa mkono wa kushoto.

Mkono wa kulia ulikuwa umelala ubavuni mwake, umebana, kama umefungwa. Ameumia, Emerance akajiambia. Ni bega, ameumia bega. Kisha akautazama uso. Arnaud alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, la bati la kile kibanda cha video lililomkata utotoni. Emerance alilijua kovu hilo kwa kidole, hata taa zikiwa zimezimwa. Nyusi ya kushoto ilikuwa laini. Kovu lilikuwa juu ya jicho la kulia.

Wote hugeuka.

Ndipo akauona tena ule mkono kwenye kioo. Mkono wa kulia umenyooshwa, kiganja cha kushoto chini ya kiwiko, magoti yamekunjwa. Halikuwa pepo lililomtishia. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyempokelea vitu vile, na alikuwa amemwita mara mbili, na yeye hakuitika. Alikuwa ameshika nyundo.

Alitaka kupiga kelele, lakini mtoto alikuwa pale, kati yao.

Mwanamume yule alikula chakula chote kwa mkono wa kushoto, polepole, kichwa amekiinamisha kidogo kama anasikiliza kitu. Alipomaliza alimwinamia Emerance. Arnaud hakuwahi kumwita kwa jina tangu mtoto azaliwe.

"Asante, Emerance," akanong'ona. "Asante kwa kunileta nyumbani."

Akainuka. Akachukua sahani yake, akaanza kuzunguka meza kuipeleka kwenye sinki, bila haraka. Na njia ya kwenda kwenye sinki inapita nyuma ya kiti cha Ornella.